Kura Moja kwa Kila Jarida

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, gazeti au jarida lililotaka kuwafikia wasomaji kote Ufaransa lilipitia karibu kila mara mikononi mwa kampuni ya Hachette. Wafaransa waliibandika jina la pweza wa kijani, maana mikono yake ilifika hadi kwenye vibanda vya stesheni za treni. Kisha Wajerumani wakaingia, wakautwaa mtandao ule wa usambazaji. Nchi ilipokombolewa, wanasiasa walikuwa wameshaelewa kwamba uhuru wa kuchapisha ni bure kama lori la kusambazia ni la mtu mmoja.

Ndipo mwezi Aprili 1947 ilipopitishwa sheria inayojulikana kwa jina la mbunge Robert Bichet. Mchapishaji aliruhusiwa kusambaza mwenyewe, lakini akitaka kuungana na wenzake, sharti waunde ushirika. Ushirika ulipaswa kumpokea kila aliyekubali masharti yake, na kila mwanachama alikuwa na kura moja tu, mkubwa kwa mdogo. Nauona huo kuwa uamuzi wa kijasiri kuliko yote katika historia ya magazeti ya Ulaya.

Hata hivyo, pweza alikatwa mikono bila kuuawa. Katika NMPP, kampuni ya usambazaji iliyoundwa mwaka huohuo, vyama vya ushirika vilipata asilimia 51 ya hisa, na Hachette, iliyokuwa na ujuzi wa kazi, ikabaki na 49.

Soko likachangamka. *Elle* ya Hélène Lazareff ilikuwa imeanza mwaka 1945. *Paris Match* ikaja mwaka 1949, *L'Express* mwaka 1953. Nakala hazikuwa mali ya muuzaji: alizipanga, akachukua kamisheni ya zilizouzwa, zilizododa akazirudisha kwa hasara ya mchapishaji.

Lakini hakuwa na sauti juu ya kinacholetwa. Alfajiri alifungua mafurushi ya majarida ambayo hakuyaomba, mengine akijua fika hayana mnunuzi mtaani kwake, na bado alitakiwa kuyatafutia nafasi. Sheria iliyomlinda mchapishaji mdogo ilimwelemea mwenye kibanda, na kilio chake kilichukua miaka mingi mno kusikilizwa.

Intaneti ilipowachukua wasomaji na matangazo, gharama za mfumo zikawa hazibebeki. NMPP ilibadili jina kuwa Presstalis mwaka 2009. Mwaka 2020 ikafilisika, na France Messagerie ikarithi sehemu ya kazi zake. Kabla ya hapo, mwezi Oktoba 2019, Bunge lilikuwa limeifanyia sheria ya Bichet marekebisho makubwa. Sasa muuzaji anaweza kukataa majarida mengi asiyoyataka. Machapisho ya siasa na habari za jumla hawezi kuyakataa: hayo bado yana haki ya kufika kila kibanda, yawe ya mrengo wowote.