Waandishi wenye hawakujua mwisho wa hadithi yao

Wandugu, kila tukikopiana seri kwenye flash hapa Baraka, ubishi ni ule ule: waandishi walijua mwisho, ao walitunga njiani? Tuchukue Lost, iliyoanza Marekani 2004 kwenye televisheni ya ABC. Ndege imeanguka kisiwani, dubu mweupe anatoka msituni, kuna mlango wa chuma ardhini. Majibu mengi hayakuwa yametungwa bado. Watu wanasema eti waandishi ni waongo. Mie naona shida iko kwenye biashara: televisheni inauza matangazo, na fumbo likifunguliwa watazamaji wanaondoka. ABC hiyo hiyo ilikwisha kuyaona. David Lynch na Mark Frost wa Twin Peaks hawakutaka kumtaja muuaji wa Laura Palmer. Wakasukumwa, akatajwa Novemba 1990, na 1991 seri ikafungwa.

Ndiyo maana Damon Lindelof na Carlton Cuse wa Lost walidai kitu cha ajabu: tarehe ya kumaliza. Mei 2007 wakaipata. Episodi 48 tena, mwisho 2010. Sasa mtu anaweza kugawa siri zake, sawa na chakula cha safari.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, ilikuwa kinyume. Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993, ulipangwa funzo kwanza, hadithi baadaye. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, alikuwa anaendeshwa kuelekea UKIMWI. Msikilizaji aliona hatari mapema kuliko Mkwaju mwenyewe, na bado alifungua redio.