Jinsi Boreham Walivyoitia Adabu Ekseli ya Escort

Pasaka ya mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland na mwelekezi wake Gunnar Palm wa Sweden walishinda mashindano ya magari ya East African Safari wakiwa na Ford Escort RS1600. Tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1953, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyekuwa amewahi kuyashinda. Taji lilikuwa la wakazi wa huku, watu kama Bert Shankland wa Tanzania, aliyelichukua mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiendesha Peugeot 404. Kwa hiyo magazeti yalishughulika na habari ya mgeni kuvunja mwiko. Kwa mafundi, habari kubwa zaidi ilikuwa imejificha chini ya buti la gari lenyewe.

Miaka miwili iliyotangulia, mshindi alikuwa Edgar Herrmann na Datsun zake: 1600 SSS mwaka 1970, kisha 240Z mwaka 1971. Magari hayo yalikuwa na mpangilio wa kisasa kwa nyuma, kila gurudumu likipanda na kushuka peke yake, tairi la kulia likikanyaga shimo bila kulisumbua la kushoto. Escort haikuwa na kitu kama hicho. Ekseli yake ya nyuma ilikuwa mhimili mmoja mzito wa chuma kutoka tairi hadi tairi, difu katikati, umefungwa juu ya springi za mabamba. Mpango huo ulikuwa ukibeba mabehewa ya farasi kabla injini ya petroli haijabuniwa, na hadi leo ndio unaobeba malori yetu. Ukifuata vitabu, gari la namna hiyo lisingepaswa kuishinda 240Z kwenye barabara za Afrika Mashariki. Lakini lilishinda, na mkazi wa Kenya, Vic Preston mdogo, akashika nafasi ya tatu na Escort nyingine.

Escort ilizinduliwa Januari 1968 ikiwa gari la bei nafuu la familia, yenye injini zilizoanzia sentimita za ujazo 1,100. Springi za mabamba ziliwekwa kwa sababu ni rahisi na hazina makuu. Kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi, hakuna cha kulalamikia. Mambo yalibadilika pale idara ya mashindano ya Ford, iliyokuwa Boreham katika jimbo la Essex, kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Vita Kuu ya Pili, ilipolitazama gari hilo kwa jicho jingine. Fundi mhandisi Bill Meade na wenzake waliona kwamba bodi ile ndogo na nyepesi ingeweza kubeba injini ya Lotus yenye kemshafti mbili. Ikazaliwa Escort Twin Cam, yenye nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya 1,100. Mwaka 1970 ikafuata RS1600 yenye injini ya Cosworth ya vali 16. Mbele nguvu ziliongezeka. Nyuma ulibaki mpango uleule wa gari la familia.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza, na linafaa kuelezwa polepole kwa sababu kila aliyewahi kuongeza nguvu kwenye gari la zamani amekutana nalo. Springi ya mabamba hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inabeba uzito, na pia ndiyo inayoishika ekseli isiende mbele, nyuma wala kando. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, difu husukuma magurudumu kwenda mbele, na ekseli nzima hutaka kujizungusha kinyume. Mabamba hujipinda, sehemu ya mbele ikiinuka na ya nyuma ikishuka. Yakifika mwisho wa kujipinda hufyatuka, tairi huruka, linatua, linashika ardhi na kujipinda upya. Mapigo hayo hutikisa gari lote, hukata bolti na kuchana mabano kwenye bodi. Mguu wa dereva unadai mwendo, na gari linarukaruka papo hapo.

Shokapu nazo zilikuwa na kasoro yake. Katika gari la kawaida zilifungwa zikiwa zimeinama, ili zisile nafasi ya mizigo. Shokapu iliyoinama haifanyi kazi yote inayotakiwa: ikiinama nyuzi 30 kutoka wima, uwezo wake wa kuzuia mrusho hubaki kama robo tatu, ikiinama nyuzi 45, hubaki nusu. Kwenye njia ya vumbi yenye makorongo, nusu hiyo hupata moto, mafuta yake hutokwa povu, na dereva hubaki na springi tupu.

Dawa ya Boreham haikupatikana siku moja. Kwanza viliongezwa vyuma vya kushikilia ekseli isijizungushe, kimoja kila upande. Baadaye vikawa viwili kila upande, kimoja juu ya ekseli na kimoja chini, jumla vinne. Sakafu ya buti ikakatwa, vikachomelewa viminara vya chuma vilivyoingia ndani ya buti, na shokapu zikasimama wima. Mizigo ikakosa nafasi. Ekseli nyembamba ikatolewa, ikawekwa ile nene iliyojulikana kwa jina la Atlas, ya ukoo mmoja na iliyotumika kwenye Ford Capri ya lita 3.0, pamoja na difu isiyoruhusu tairi moja kuzunguka bure. Springi yenyewe haikutupwa. Ilipunguzwa mabamba na mwisho wake mmoja ukaachwa uteleze, kwa sababu vyuma vinne vinapopanda na kushuka huchora duara lao, na springi iliyobanwa kotekote huchora la kwake. Mawili hayo yakipingana, kitu hupasuka. Springi ikabaki na kazi moja tu, kubeba. Mimi naliona hilo kuwa wazo bora kuliko yote katika mradi mzima.

Ilibaki kuizuia ekseli isiende kando. Njia rahisi ni chuma kirefu kilichokingama, upande mmoja kimefungwa kwenye bodi na mwingine kwenye ekseli. Kinaitwa Panhard, kwa jina la kiwanda cha Kifaransa. Ni imara, ila ekseli ikipanda huvutwa kidogo upande mmoja. Wanaotaka usahihi zaidi hutumia viungo vya Watt: vyuma viwili vya kukingama, kimoja kutoka kila upande wa bodi, vinavyokutana kwenye kipande kidogo kinachozunguka katikati ya difu. Kosa la kimoja hufutwa na kosa la mwenzake, na ekseli hupanda na kushuka karibu wima kabisa. Huyo Watt ni James Watt yuleyule wa injini ya mvuke. Alipata hataza ya mpangilio huo mwaka 1784, alipokuwa akitafuta namna ya kuongoza fimbo ya pistoni iende wima huku boriti kubwa iliyo juu yake ikibembea. Uzeeni, mwaka 1808, alimwandikia mwanawe kwamba anajivunia ubunifu huo kuliko mashine nyingine yoyote aliyowahi kuunda. Kila ninapoona viungo hivyo chini ya Escort iliyotapakaa matope, namfikiria mzee huyo, na naona alikuwa na haki ya kujivuna.

Kwa nini hawakuing'oa ekseli nzima wakaweka ya kisasa? Kanuni za mashindano ziliwabana, kwani gari lilipaswa kufanana kimsingi na lililosajiliwa. Lakini pia ekseli ya mhimili mmoja ina sifa ambazo wasomi wa magari walizipuuza. Tairi zake husimama wima muda wote, gari likilala au likisimama, kwa hiyo kwenye changarawe dereva hujua nyuma itateleza lini na kwa kiasi gani. Fiat walichukua njia nyingine: 131 Abarth yao ilipewa magurudumu ya nyuma yanayojitegemea badala ya ekseli ya gari la dukani, ikashinda ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1977, 1978 na 1980. Njia hiyo nayo ilifanya kazi, na Datsun 240Z ya Shekhar Mehta ililirudisha taji la Safari mwaka 1973. Hata hivyo, Escort ndiyo iliyoshinda mashindano ya RAC ya Uingereza mara 8 mfululizo, kuanzia 1972 hadi 1979. Ndiyo iliyompa Björn Waldegård Safari ya mvua kubwa ya 1977, na sehemu kubwa ya ubingwa wa dunia wa madereva mwaka 1979, wa kwanza kuwahi kutolewa kwa jina hilo. Ari Vatanen akautwaa mwaka 1981 kwa Escort RS1800 ya timu binafsi, wakati Ford yenyewe ilikuwa imeshajiondoa.

Leo Escort bado zinarejea huku katika East African Safari Classic, iliyoanza mwaka 2003, na Waldegård mwenyewe aliishinda mwaka 2007 akiwa na Escort. Vifaa vyote vya Boreham vinatengenezwa upya: viminara, vyuma vinne, ekseli nene, viungo vya Watt. Mwenye gari anayeanza leo asikimbilie kununua viungo vya Watt. Aanze na bodi, akwangue rangi kwenye boksi za chasisi ambako vyuma vitashikizwa, kwa maana chuma kizuri kikichomelewa kwenye bati lililooza hakishiki kitu. Kisha asimamishe shokapu. Kisha vyuma vinne. La kuzuia mwendo wa kando lije mwisho.

Na kwa kuwa viminara hukatwa ndani ya buti, na bati lililokatwa halirudi kuwa lilivyotoka kiwandani, naona Twin Cam na RS1600 chache ambazo bado zina sakafu zao za asili ziachwe zilivyo. Bodi za Escort za kawaida bado zipo. Msumeno upelekwe huko.