Asili Tatu za Neno "Mean" na Mchezo wa Maneno wa Nerissa

Wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza aghalabu hulichukulia "mean" kuwa neno moja lenye maana nyingi. Kihistoria, dhana hiyo haina mashiko. Kitenzi chenye maana ya kukusudia kilitokana na "mænan" ya Kiingereza cha Kale. Kivumishi kilitokana na "gemæne", yaani cha shirika; na kwa kuwa kilicho cha wote hakikupewa hadhi, kikaja kumaanisha duni, na baadaye bahili. Nomino yenye maana ya wastani iliingia kupitia Kifaransa cha Kale, chimbuko lake likiwa "medianus" ya Kilatini. (Kufanana kwa "mean" na "maana" yetu, iliyotoka Kiarabu, ni sadfa tupu.)

Suala hili si la kamusi tu. Katika The Merchant of Venice ya Shakespeare, tendo la kwanza, onyesho la pili, Nerissa anamwambia bibi yake Portia kwamba kuwekwa katika hali ya wastani si heri haba. Chapa ya 1600 inatumia "mean" mara mbili: kwanza kwa maana ya duni, kisha ya wastani. Chapa ya 1623 imeibadilisha ile ya kwanza kuwa "small", na mchezo wa maneno ukafa. Yamkini aliyebadilisha aliona marudio ya ovyo palipokuwa na ufundi. Mfasiri wa Kiswahili, Julius Nyerere wa Mabepari wa Venisi (1969) akiwemo, hana neno moja la kubeba duni na wastani pamoja. Lakini anayefasiri kutoka chapa ya 1623 hatambui hata kwamba kuna kilichopotea.