Kitunzamwendo: jina la flaiwili na hesabu ya wepesi

Mwenye gari akitaka klachi imara zaidi, fundi humshauri kwamba, maadamu gia boksi inashushwa, bora na flaiwili ibadilishwe papo hapo, iwekwe nyepesi. Kwa upande wa kazi ushauri huo ni wa busara. Flaiwili imefungwa kwa boliti mwishoni mwa kranki, klachi pleti hubanwa kati ya uso wake na presha pleti, na kushusha gia boksi mara mbili ni kulipa mara mbili. Tatizo liko kwenye neno. Klachi mteja anaijua, mguu wake unaikanyaga kila siku. Flaiwili hajawahi kuigusa, na jina lenyewe halimwambii lolote. Analolisikia ni “nyepesi”, na wepesi kwenye gari hudhaniwa kuwa faida tupu. Ninaona kifaa hiki kinastahili jina la Kiswahili linalotaja kazi yake, nalo ni kitunzamwendo. Atakayelisikia jina hilo atauliza mwenyewe swali ambalo flaiwili haimwulizishi: nikikipunguza, ni mwendo gani nitakosa kuutunza?

Kazi yenyewe haionekani kwenye gari, imefichwa ndani ya nyumba ya klachi. Inaonekana vizuri kwenye mashine ya kusaga. Dizeli ya aina ya Lister yenye silinda moja ina magurudumu mawili ya chuma cha kusubu, moja kila upande, mazito kiasi kwamba mtu peke yake hathubutu kuyanyanyua. Anayeiwasha hufungua kwanza kishikizo cha kuachia pumzi, ili pistoni isikabane na hewa, kisha huzungusha hendeli: mwanzo kwa kukaza meno, halafu kwa wepesi unaoongezeka. Magurudumu yakishakolea anakirudisha kishikizo. Sasa pistoni inagandamiza hewa kwa nguvu ambayo mkono wa mtu usingeiweza, ila magurudumu yanapita nayo, dizeli inawaka, mashine inaanza kudunda. Jasho la zile sekunde chache halikupotea, lilikuwa limewekwa ndani ya chuma kinachozunguka. Injini ya namna hii hupata mlipuko mmoja kila mizunguko miwili. Muda wote uliobaki huishi kwa kilichotunzwa. Ya gari yenye silinda nne hupata mlipuko kila nusu mzunguko, kwa hiyo haihitaji magurudumu makubwa hivyo, lakini kanuni ni ileile. Tena ni kanuni kongwe: vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, vilivyofukuliwa kwenye magofu ya Kilwa, vilikuwa vizito vya kusokotea uzi wa pamba, na kila kimoja kilitunza mzunguko aliokipa msokotaji kwa vidole.

Majina mengine yanayojitokeza haraka yana kasoro. Kufasiri neno la Kiingereza kipande kwa kipande kungetupa gurudumu linaloruka, picha ya ajali. Gurudumu la kasi linaahidi kuongeza kasi, jambo ambalo kifaa hakifanyi. Gurudumu zito lingekuwa na maana hadi siku ya kununua gurudumu zito jepesi. Lililokaribia ni gurudumu la akiba, kwa kuwa kifaa kweli huweka akiba, lakini dereva yeyote atakwenda kulitafuta kwenye buti, lilipo tairi la spea. Jina kitunzamwendo limeundwa kama kipimajoto na kifyonzavumbi: kiambishi ki-, kitenzi, kisha kinachotendwa. Mzungumzaji hafundishwi kulichambua.

Manufaa ya jina yanaonekana hasa kwenye hesabu. Chukua kitunzamwendo cha kilo 8 chenye kipenyo cha sentimita 28, tukikihesabu kama sahani yenye unene sawa. Injini ikiwa kwenye sailensi, mizunguko 800 kwa dakika, kinabeba jouli 275 hivi. Kwenye mizunguko 3,000 kinabeba karibu 3,870, mara 14, kwa sababu akiba hukua kwa mraba wa mzunguko. Zile jouli 275 zinaonekana haba, lakini zisingepotea hata chembe zingelitoa gari la kilo 1,100 mahali liliposimama hadi mwendo wa mita 0.7 kwa sekunde. Huo ndio msaada anaoupata dereva anapoachia klachi polepole kwenye foleni. Punguza kilo 3 na msaada unashuka hadi jouli 172. Kwa hiyo pengo huhisiwa mapema, pale akiba ilipokuwa ndogo tangu mwanzo: gari linatetemeka likiwa limesimama, na linazimika kwa urahisi likianza mlima. Mahali uzito unapotolewa pana umuhimu pia. Kilo iliyo kwenye ukingo, sentimita 14 kutoka katikati, hufanya kazi ya kilo nne zilizo sentimita 7.

Watetezi wa wepesi wana hoja, na haifai kuibeza. Gari linapochapuka, injini inalazimika kuchapusha na kitunzamwendo chake, na kwenye gia ya kwanza gharama hiyo ni kubwa. Ikiwa uwiano wa jumla wa gia ni 14 kwa 1 na tairi lina nusu kipenyo cha sentimita 30, zile kilo 3 ni sawa na kupunguza mzigo wa kilo 64 kwenye gari. Ukifika gia ya tano, kwa uwiano wa 3.2 kwa 1, unafuu unabaki kilo 3 na ushei. Wanaosema kifaa chepesi kinaongeza nguvu za farasi wameona kipimo kilichochukuliwa injini ikichapuka. Katika mzunguko usiobadilika hakiongezi hata moja. Faida halisi ni wepesi wa kupanda na kushuka kwa mizunguko wakati wa kubadili gia, kitu cha thamani kwa dereva wa rali. Kwa daladala ni hasara.

Hapa klachi inarudi. Ili ibebe nguvu zaidi, ama springi za presha pleti zikazwe, na pedeli iwe nzito, ama pleti iwe ya vipande vya kauri na chuma, ambavyo hushika ghafla. Klachi inayoshika ghafla inahitaji akiba kubwa ya mwendo nyuma yake, nasi tumeipunguza. Dereva wa mjini atajitetea kwa kukanyaga mafuta zaidi na kuiachia klachi taratibu, na joto la msuguano huo litaila pleti aliyoinunua kwa bei. Ipo pia njia ya mkato: kuchonga kitunzamwendo cha kiwandani hadi kiwe chembamba. Chuma cha kusubu kilichopunguzwa hovyo kinaweza kupasuka injini ikikimbia, na vipande vyake hutoboa bodi la gari. Vyepesi vya kuaminika hutengenezwa kwa chuma cha kufuliwa, au kwa alumini yenye uso wa chuma.

Gereji itaendelea kusema flaiwili, na ni haki yake. Anayeagiza spea hahitaji maelezo. Nazungumzia mwongozo, kitabu cha chuo cha ufundi na kauli ya fundi kwa mteja. Pingamizi zito zaidi ni kwamba tayari tuna kidhibiti mwendo, kile kinachofungwa kwenye mabasi na matatu kuzuia kasi kupita kiasi, na majina mawili yanayofanana yatachanganya watu. Yanafanana kwa sababu kazi zao ni jirani, wala si kazi moja. Injini za mvuke za James Watt, mwishoni mwa karne ya 18, zilikuwa na vyote viwili. Gurudumu kubwa lilisawazisha mwendo ndani ya mzunguko mmoja, kati ya msukumo na msukumo. Mipira miwili inayozunguka ilipunguza mvuke kasi ilipozidi, ikaongeza ilipopungua. Kimoja hutunza, kingine hudhibiti, na fundi akikiondoa kimoja hawezi kutegemea kingine kimfanyie kazi yake.