Siku ya Mstaafu Ilikotoka

Vijana wana swali wanalopenda kumwuliza mtu aliyestaafu: "Mzee, siku hizi unashinda ukifanya nini?" Aghalabu huuliza kwa wema. Lakini ndani ya swali hilo mna dhana kwamba siku ya mstaafu ni debe tupu linalotafutiwa kitu cha kutia. Nimelifikiri kwa muda mrefu, nami naona kwamba kabla ya kulijibu yafaa tujue lilianza lini kuulizwa katika nchi yetu, maana babu zetu hawakuulizwa.

Neno lenyewe linatupa fununu. Kustaafu limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuomba kuachiliwa. Sasa mvuvi wa Kilwa au mkulima wa mtama wa Ugogo angemwomba nani amwachilie? Hakuwa na bwana wa kumwandikia barua. Nguvu zilipopungua, kazi nayo ilibadilika, basi. Aliyekuwa akilima mbele ya wenzake alikaa kwenye dungu kuamia ndege. Mwanamke aliyekuwa akitwanga alisuka ukili na kulea. Wamasai walikuwa na bado wana sherehe za kumtoa mtu katika umorani na kumwingiza katika uzee, na huyo "mzee" huenda ana umri wa miaka thelathini na kitu tu. Ndiyo kusema kwamba mtu alistaafu ujana, hakustaafu kazi. Huko Uchagani wazee ndio waliosimamia mifereji ya maji na zamu za kumwagilia, kazi isiyohitaji misuli bali kumbukumbu na kuheshimiwa.

Sitaki msomaji anidhanie kuwa nasifu kila cha kale. Uzee wa zamani haukuwa pepo. Mwaka wa njaa mzee alikuwa mzigo, na ajuza asiye na mtoto wa kumtetea alikuwa hatarini kuliko wote. Hata katika miaka yetu hii, huko Usukumani, vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, ilhali wekundu huo ni wa moshi wa kinyesi cha ng'ombe wanachopikia. Ninachosema ni kwamba siku ya mzee haikuwa fumbo. Ilikuwa na mahali pake katika siku ya nyumba nzima.

Kilicholeta fumbo ni saa na mshahara. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani, chini ya Bismarck, ilipitisha sheria ya malipo ya uzeeni kwa wafanyakazi wake, umri ukiwa miaka 70, na mwaka 1916 ukashushwa hadi 65. Zingatia tarehe. Serikali hiyo hiyo ilikuwa imeiweka nchi yetu chini ya himaya yake tangu 1885, na kwetu haikuleta malipo ya uzeeni, ilileta kodi ya nyumba mwaka 1898. Mtu wetu alianza kuijua kazi ya mshahara kwa sababu ya kutafuta fedha ya kodi. Alikwenda katani au relini kwa miezi kadhaa, akarudi kwao. Akizeeka, mwajiri hakumjua tena.

Walikuwako wachache waliokumbukwa, ingawa baada ya kungoja sana. Askari weusi waliopigana upande wa Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918 walikaa muda mrefu wakingoja haki zao, hata mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilipoidhinisha fedha kwa wale waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wengi walifika kwa mlipaji huko Mwanza bila cheti chochote, hivyo kila mmoja akapewa fagio aishike kama bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani, naye akatii amri zote. Kisa hiki huwachekesha watu. Mimi huwafikiria wale wazee katika miaka ile yote ya katikati, wakilima viazi vyao huku amri za Kijerumani zikiwa zimelala vichwani mwao kama hati ya madai.

Chini ya Waingereza pensheni ilikuwa ya watumishi wa serikali wenye nafasi za kudumu, na sheria yake kubwa ilitungwa mwaka 1954. Baada ya Uhuru, mwaka 1964, ukaanzishwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi kwa wale wa sekta nyingine, lakini huo ulikuwa wa kulipwa mara moja, unapokea na kuagana. Watu waliita malipo ya namna hiyo kiinua mgongo, na sijui jina lililo bora kuliko hilo. Mtu ameinama miaka thelathini, sasa anapewa kitu cha kumwezesha kusimama wima.

Kizazi cha kwanza kikubwa cha wastaafu wetu, wale walioshika ofisi na madarasa baada ya 1961, kilianza kuondoka kazini katika miaka ya 1980 na 1990. Mpango ulikuwa mwema: mtu angerudi kijijini, angejenga, angefuga ng'ombe wawili wa maziwa, angekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa au msikiti. Wengi walifanya hivyo. Lakini mambo mawili yaliwakuta njiani. La kwanza ni shilingi. Kuanzia mwaka 1986, nchi ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, thamani yake ilishuka sana, na pensheni iliyokadiriwa kwa mshahara wa zamani ikawa haifiki hata nauli ya kuifuata mjini. La pili ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kabla ya miaka kumi kwisha mabibi na mababu wa mkoa huo walikuwa wakizika watoto wao na kubaki na wajukuu.

Hapa ndipo ningependa anayeuliza swali la vijana asimame kidogo. Mtu wa miaka 60 ambaye alikwisha kulea na kusomesha alianza tena kuamka saa kumi na moja alfajiri, kuwasha moto, kutafuta soksi, kuangalia daftari. Mwalimu wa zamani alijikuta anafika shuleni, safari hii kama mzazi anayeombwa mchango wa dawati. Siku yake haikuwa tupu hata kidogo. Ilikuwa imejaa kazi ya watu waliokufa. Na haikuandikwa popote kuwa ni kazi, kwa kuwa haina mshahara.

Mstaafu anayejulikana kuliko wote nchini, Mwalimu Nyerere, aliacha urais mwezi Novemba 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990, akawa Butiama. Alilima, alisali, alicheza bao, na akazitia Injili katika tenzi za Kiswahili zilizochapishwa mwaka 1996. Mwaka huo huo alikuwa akisuluhisha mgogoro wa Burundi, naye aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwezi Oktoba 1999. Watu humtaja kama mfano wa kustaafu vizuri. Ni kweli, ila tukumbuke kuwa yeye alifuatwa nyumbani na dunia. Wengi wetu tunafuatwa na mwenyekiti wa mtaa, anayetaka orodha ya wachangiaji wa msiba iandikwe kwa mwandiko unaosomeka.

Kuna kundi jingine ambalo siku zake zilikwenda katika jambo moja tu: kungoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ilivunjika mwaka 1977, na wafanyakazi wake wa reli, bandari, posta na ndege wakabaki na haki ambazo nchi tatu zilikuwa hazijagawana. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984. Kwa upande wa Tanzania, makubaliano ya mahakamani kati ya serikali na wazee hao yalifikiwa mwaka 2005, na hata baada ya hapo baadhi yao waliendelea kudai. Hesabu mwenyewe: kutoka 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Aliyekuwa na miaka 45 alifikisha 73. Walikuja Dar es Salaam na bahasha za plastiki zenye vyeti, wakakaa nje ya ofisi, mara nyingine wakakaa barabarani. Wapita njia wenye haraka waliwaona kuwa ni usumbufu. Hawakuwa na siku ya kawaida ya mstaafu kwa sababu kustaafu kwenyewe hakujakamilika mpaka mtu alipwe.

Nimelikumbuka kundi hilo kila uliposikika mjadala wa kikokotoo. Sheria ya 1999 iliweka miaka 55 kuwa ya kustaafu kwa hiari na 60 kwa lazima, na mtumishi wa umma alipata nusu ya pensheni yake kwa mkupuo, nusu kila mwezi. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa mmoja wa watumishi wa umma, zikaja kanuni za kulipa robo tu kwa mkupuo, watu wakalalamika, na Desemba ya mwaka huo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikawapandisha waliokuwa wakipata nusu hadi asilimia 40.

Nina kasumba ya ualimu, sipendi asilimia zisizo na mfano. Chukua mtumishi wa miaka 30, yaani miezi 360, mwenye mshahara wa shilingi 900,000. Kwa kanuni ya zamani (sehemu moja ya 540 kwa kila mwezi, na kizidisho cha miaka 15.5) alipata mkupuo wa shilingi 55,800,000 na 300,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya 2022 (sehemu moja ya 580, kizidisho 12.5, asilimia 33) anapata mkupuo wa kama 27,650,000 na kila mwezi kama 374,000. Amepungukiwa shilingi milioni 28 mwanzoni, ameongezewa 74,000 kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie upungufu, inabidi aishi zaidi ya miaka 31. Akistaafu na miaka 60, awe na 91.

Waliotetea mabadiliko walisema wastaafu humaliza mkupuo upesi kisha wakawa ombaomba. Wapo, nimewaona walionunua basi dogo lililokwisha maisha. Lakini waliomaliza mkupuo kwa kujenga nyumba ni wengi kuliko waliomaliza kwa anasa, na nyumba hiyo ndiyo inayoamua siku itakavyokuwa. Mwenye kwake huamka akafungulia kuku, akamwagilia mchicha, akapangisha chumba cha uani. Aliyepanga huamka akihesabu tarehe ya mwenye nyumba. Fedha ya mwezi nayo siidharau, kwa kuwa ndiyo inayonunua vidonge vya presha. Ila wapangaji wa kanuni wangefaa kukaa wiki moja nyumbani kwa mstaafu waone pensheni ya mtu mmoja inavyogawanywa: sare ya mjukuu, umeme, rambirambi, na kijana aliyemaliza chuo ambaye bado hajapata kazi na anaona haya kuomba, kwa hiyo huachiwa noti chini ya sahani.

Saa za mchana ndizo watu wanazoziona: wanaume chini ya mwembe, kahawa chungu, kete za bao, redio. Wanaopita husema, "Wazee wanapumzika." Mwanamke hawamwoni pale. Mwalimu wa kike aliyefundisha miaka 35 amestaafu ubao, hakustaafu jiko, na mumewe akistaafu pamoja naye humwongezea kazi, kwa kuwa sasa kuna mtu wa kula saa saba mchana kila siku. Nimesikia akina mama wakilisema jambo hili kwa mzaha mara nyingi mno kuwa mzaha.

Na bado tunazungumza juu ya wenye barua. Wazee walio wengi nchini hawajapata kuajiriwa kamwe, hawamo katika kikokotoo chochote. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliwatambua, nao walipewa haki ya kutibiwa bure wasiojiweza, haki inayokwama mara kwa mara dirisha la dawa likiwa halina dawa. Zanzibar ilikwenda mbele zaidi. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefika miaka 70 alianza kulipwa pensheni, shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Kiasi kilikuwa kidogo. Lakini bibi wa Pemba aliyechuma karafuu tangu utotoni, ambaye hakuna ofisi iliyopata kuandika jina lake, alijipanga siku ya malipo katika foleni moja na karani aliyestaafu, akaitwa kwa jina, akatia dole gumba, akafunga fedha katika pindo la kanga, akarudi nyumbani kuanua mwani.