Ngoma za Kifalme za Burundi na Waliozimiliki

Karyenda ilikuwa ngoma kuu ya ufalme wa Burundi. Ilitunzwa na walinzi maalumu, akiwemo mwanamke aliyeitwa Mukakaryenda, na ilitolewa hadharani wakati wa Umuganuro, sherehe ya kufungua msimu wa kupanda mtama. Mmiliki kwa jina alikuwa Mwami, yaani mfalme. Waliozishika ngoma za kifalme kwa mikono yao, hata hivyo, walikuwa abatimbo, watu wa koo chache waliorithishana haki ya kuzichonga na kuzipiga.

Kazi yao ilianzia kwenye mti wa umuvugangoma. Gogo huchimbwa ndani, ngozi ya ng'ombe huwambwa juu ingali mbichi, kisha hukazwa kwa vigingi vya mti vilivyopigiliwa kuzunguka mdomo. Ikikauka, hujivuta yenyewe na kutoa sauti inayovuka vilima. Katika kituo cha Gishora, kilomita chache kutoka Gitega, bado zinatunzwa ngoma za Ruciteme na Murimirwa. Kwa mujibu wa masimulizi ya hapo, kituo hicho kilianzishwa na Mwami Mwezi Gisabo baada ya kumshinda mtemi mwasi Ntibirangwa.

Wajerumani walimlazimisha Mwezi kukubali mkataba wa Kiganda mwaka 1903. Baadaye wakaja Wabelgiji, na katika miaka ya 1920 Umuganuro ukakoma kwa shinikizo la wamisionari na utawala. Ngoma ikapoteza sherehe yake kubwa, lakini koo zake hazikuvunjika. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, Karyenda iliwekwa katikati ya bendera pamoja na mche wa mtama. Waziri Mkuu Micombero alipotangaza jamhuri tarehe 28 Novemba 1966, ngoma iliondolewa, ukabaki mtama peke yake.

Sauti nayo ilipata wenyewe wengine. Kampuni ya Kifaransa ya Ocora iliwarekodi wapiga ngoma wa Burundi katika miaka ya 1960. Mwaka 1971 rekodi hiyo iliongezewa gitaa na piano, ikauzwa Ulaya kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada aliitumia katika wimbo wake The Jungle Line. Huo ulikuwa urithi wa koo, na haikufaa kuuchukua kana kwamba hauna mwenyewe.

UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Oktoba 2017, amri ya Rais Pierre Nkurunziza ilikataza wanawake kuipiga, ikavitaka vikundi vyote vijiandikishe wizarani, na ikaweka ada ya faranga 500,000 kwa kila onyesho. Chini ya amri hiyo, hata mwenye harusi Ruziba, kusini mwa Bujumbura, hawezi kuita ngoma bila kibali. Ada yenyewe huenda Hazina ya serikali. Ingekuwa haki sehemu yake ifike Gishora, kwa wazao wa abatimbo.