Bahati nasibu ya vikapu

Bahati nasibu ya vikapu ni njia ya kuchangisha fedha ambayo washiriki hununua tiketi na kuzitumbukiza katika kopo au mfuko uliowekwa mbele ya kikapu cha zawadi wanachokitaka. Imeenea kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye makanisa, shule na vikosi vya zimamoto vya kujitolea. Katika jimbo la New Jersey huitwa *tricky tray*. Vikapu, vyenye kahawa, chokoleti au vyombo vya jikoni, hutolewa na wafadhili, hivyo sehemu kubwa ya mauzo hubaki kwa kikundi kinachochangisha. Kwa kuwa kila kikapu huchezeshwa peke yake, chenye tiketi chache humpa mshiriki nafasi kubwa zaidi. Kisheria ni mchezo wa kubahatisha. New Jersey huutaka uwe na leseni.